Re: Kaanza haloperidoli, sasa hatulii. Dozi iongezwe?

Habari ndugu. Mdogo wako kaanza haloperidoli (dawa ya ugonjwa wa akili) wiki iliyopita, sauti anazozisikia zisizokuwepo zimepungua, lakini hakai kitini, na unauliza kama dozi iongezwe. Usikimbilie huko.

Muulize kwanza: anahangaishwa na mawazo, au ni mwili unaomlazimisha atembee? Akisema mwili, hasa miguu, na hali hiyo ilianza baada ya dawa, shuku akathisia, yaani mahangaiko ya mwili yanayoletwa na dawa. Haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo. Hapo sauti hupungua, ila dopamini hiyohiyo huongoza mwendo wa mwili. Ukiongeza dozi, mahangaiko huzidi, na wengine hufikia kutaka kujiua, kwa hiyo mpigieni daktari leo. Aghalabu hupunguza dozi, hubadilisha dawa au huongeza propranololi (mwambieni kama ana pumu, maana haimfai). Benzheksoli, dawa nyingine ya kupunguza madhara ya haloperidoli, husaidia zaidi ukakamavu na mitetemeko. Kwa akathisia huwa haifui dafu.

Msiikatishe dawa wenyewe.

Shingo ikipinda au macho yakigandia juu, hospitali mara moja. Vivyo hivyo homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa: hapo asipewe dozi nyingine kabla daktari hajamwona.