Uliza Mzee: Homurani 27 za Trevor Story

SWALI: Shikamoo, mzee. Naishi Aurora, Colorado, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ghalani. Mwenzangu wa zamu ni shabiki wa Rockies, timu ya besiboli ya Denver, na kila siku ananiambia hakuna shotistopu aliyewahi kupiga kama Trevor Story katika mwaka wake wa kwanza, 2016. Mwingine anamkatalia, eti ni hewa nyepesi ya Denver tu. Mimi nimekulia kwenye soka, nabaki kusikiliza. Nani mkweli? – Msomaji, Aurora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirudisha mbali, maana msimu huo wa 2016 nilikuwa palepale Denver, nikisafisha majukwaa ya Coors Field, uwanja wa Rockies, mechi zikiisha. Wote wawili wana ukweli wao, lakini hakuna aliyeufikisha mwisho.

Kwanza mjue shotistopu. Husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali mipira inapopita kwa wingi na kwa kasi. Auchote mpira mavumbini, ageuke, aufikishe kituo cha kwanza kabla ya mkimbiaji. Kwa kazi hiyo makocha walitafuta vijana wepesi wa miguu, na kama hawezi kupiga homurani, yaani mpira unaovuka ukuta, walimsamehe. Ozzie Smith, ambaye kwangu mimi ndiye fundi mkuu wa nafasi hiyo, alicheza misimu 19 akapata homurani 28. Ndizo zote, tangu aanze mpaka astaafu. Sasa mweke Story kando yake: 27 katika mechi 97.

Alianzia ugenini, Phoenix, tarehe 4 Aprili, mbele ya Zack Greinke, mrushaji aliyekuwa amekwisha kutwaa tuzo kubwa ya warushaji. Akampiga homurani mbili. Kesho yake moja, kesho kutwa moja. Mechi ya nne, sasa yuko nyumbani, akaongeza mbili nyingine. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa amepiga homurani katika kila moja ya mechi zake nne za kwanza za ligi kuu. Mwambie huyo wa hewa nyepesi kwamba nne za mwanzo hazikupigwa Denver.

Hata hivyo hewa ina neno lake. Pale uwanjani, jukwaa la juu, kuna safu moja ya viti vya zambarau wakati vingine ni kijani: hiyo ndiyo alama ya maili moja juu ya usawa wa bahari, kama mita 1,609. Nimevifuta viti hivyo kwa mikono yangu. Kule juu mpira haukutani na kizuizi kikubwa hewani, unakwenda mbali, na ule wa mrushaji haupindi inavyopaswa. Ndiyo maana tangu 2002 mipira huwekwa kwenye chumba chenye unyevu isikauke.

Tuje kwenye rekodi ya homurani za shotistopu katika msimu unaohesabiwa kuwa wake wa kwanza. Anayo Nomar Garciaparra wa Boston: homurani 30, mwaka 1997. Cal Ripken wa Baltimore alipata 28 mwaka 1982, ila alianza msimu akicheza kituo cha tatu. Kocha Earl Weaver ndiye aliyemhamisha katikati ya mwaka, ingawa wengi walimwona mrefu mno kwa nafasi ile. Mimi Ripken namheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu, kwa sababu baada yake vijana warefu wenye nguvu waliachwa wabaki hapo. Upande wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu na ndiyo ya Rockies, Ernie Banks, mchezaji mweusi wa kwanza wa Chicago Cubs, alipiga 19 mwaka 1954. Rekodi hiyo ikakaa miaka 53 hadi Troy Tulowitzki, wa Rockies hiyohiyo, alipopiga 24. Story akampita. Na mwaka uleule Corey Seager wa Los Angeles akapata 26, akachukua na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kwanza.

Kilichomzuia Story ni kidole. Mwishoni mwa Julai, timu ikiwa New York, kano ya gumba la mkono wa kushoto ilichanika, msimu wake ukaishia hapo. Garciaparra alicheza mechi 153. Kwa mwendo wa Story, mechi 153 zingezaa kama 43. Naelewa kabisa kwa nini mwenzako hatulii. Lakini siwezi kumpa mtu homurani za mechi ambazo hakuzicheza, na Garciaparra alisimama pale hadi Septemba.

Agosti nzima nilifagia maganda ya karanga huku mashabiki wakitoka wamevaa jezi ya Story, namba 27. Homurani zake nazo zilikuwa zimesimama hapohapo.