Nilishindwa Kuitafsiri Sinema Mpaka Mwisho

Jumamosi iliyopita vijana wa kanisa letu hapa Uyole, Mbeya, walikodi projekta, wakatundika shuka ukutani, tukaangalia sinema ya Kikristo kutoka Marekani. Kiingereza kinawapiga chenga wengi, kwa hiyo nilipewa maiki nitafsiri. Binti anapata mimba asiyoitarajia, anajifungua, mtoto anachukuliwa na wenzi wengine wanaomlea kama wa kwao. Nilikwenda vizuri mpaka yule mtoto, sasa mtu mzima, alipokaa mbele ya mama aliyemzaa na kumwambia amemsamehe. Sauti ikakatika. Nikamwachia mwinjilisti maiki, nikatoka nje kwenye baridi.

Kesho yake msichana nisiyemfahamu akaniandikia: "Dada, nina mimba ya miezi minne, nyumbani hawajui. Ulilia nini?" Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasome.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, bweni. Tulipangwa mstari mlangoni kwa matroni, tukaingia mmoja mmoja, tunalala kitandani anatubonyeza tumbo. Kwangu vidole vilisimama. Akabonyeza tena palepale, akaandika kwenye daftari, hakusema neno. Kesho yake nilikuwa kwenye basi na godoro langu. Baba ni mzee wa kanisa. Nikatengwa, nikawa mtu wa benchi la nyuma, na aliyenipa mimba anaimba kwaya mbele yangu kila Jumapili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilijifungulia Mafinga kwa shangazi. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Wazee wakakaa kikao, wakaamua: mtoto ni wa shangazi, mimi ni dada yake. Sikuulizwa. Shangazi alimlea kwa upendo, Mungu ambariki, wala sina neno naye. Ila kila likizo mtoto alikuja kunipokea stendi, ananyoosha mikono achukue begi: "Shikamoo dada." Nami naitikia, "Marahaba." Alipofika miaka 12 jirani akamropokea. Akanipigia kwa simu ya shangazi, akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo ulikuwa unaitikia tu?"

Nilisoma QT jioni, yale masomo ya sekondari ya walio nje ya shule, nikafaulu, leo nina duka langu la vitenge Mwanjelwa na mafundi wawili. Nimerudi kundini. Lakini swali lile halijawahi kutoka masikioni mwangu.

Kwa hiyo nisikilize. Mwambie mama yako leo, usingoje tumbo liseme. Anza kliniki. Shule haijakufungia mlango: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua kurudi darasani, sisi hatukuwa na bahati hiyo. Ukiona huwezi kumlea, usikubali mtoto agawiwe kwenye kikao kama shamba la urithi. Mwaka uleule wa 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, na kuasili kumo humo: ni jambo la mahakama, na afisa ustawi wa jamii anahusika. Kwetu hakuna aliyejua hata mlango wa ofisi yake. Nenda, uliza, sema unachotaka. Na mtoto aambiwe ukweli angali mdogo, aambiwe na nyinyi. Nanyi wazazi, mnaomba kila alfajiri, mbona binti akianguka mnakimbilia kuficha? Mungu hakumficha Hajiri, yule mjakazi aliyekimbilia jangwani na mimba yake, alimwita kwa jina, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Muulizeni na nyinyi binti yenu. Mwambieni mtoto ukweli.

Juzi nilimpigia mwanangu nikamsimulia ile sinema. Bado ananiita dada, simlazimishi. Akauliza kama yule mama alikuwa akienda kumtembelea mtoto. Nikamwambia hapana, walikuwa hawajawahi kuonana.

Akanyamaza kidogo. "Wewe ulikuwa unakuja," akasema.