Nimebadilisha kiolezo, mbona mashine ni zilezile?

SWALI: Nina kundi la mashine pepe 12 (kompyuta zinazoigizwa na programu) kwenye wingu la Google. Jana nilitengeneza kiolezo, yaani maelezo ya kuundia mashine, chenye toleo jipya la programu yetu, nikakiweka kwenye kundi. Leo zote bado zina toleo la zamani. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeishia njiani tu, ndugu yangu. Kiolezo huamua mashine itakayozaliwa, hakigusi iliyo hai. Nadhani kundi lako limewekwa lisubiri hadi mashine iundwe upya kwa sababu nyingine, badala ya kusasisha lenyewe. Anzisha usasishaji wa awamu, yaani kubadilisha mashine chache chache: ruhusu mashine 1 ya ziada, na zinazoweza kukosekana ziwe 0. Kundi likiwa limetawanywa kanda tatu (sehemu tofauti zenye mitambo ya Google), mashine 1 ya ziada itakataliwa; weka 3.

Ila angalia muda wa kusubiri kabla ya ukaguzi wa afya, yaani mfumo kupima kama programu inaitika. Hapo niliumia mimi. Programu yetu ilichukua dakika nne kuamka, nami niliandika sekunde 60. Mfumo ukaziona mashine ni wagonjwa, ukazifuta, ukaunda nyingine, ukazifuta tena, usiku kucha! Niliilaumu programu hadi alfajiri. Pima kwanza muda wa kuamka, kisha ongeza kidogo. Na kiolezo cha zamani usikifute bado. Ndicho utakachorudia mambo yakiharibika.