Kabla hujalipa ada

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza hiyo naturopathia, tiba ya kutumia vitu vya asili kama maji, unayotaka kuisomea huko Toronto ilianzia wapi, na kama ndiyo ile ya babu yako. Chimbuko lake ni Ulaya. Vincenz Priessnitz, mkulima wa Silesia, aliumizwa mbavu na mkokoteni, akajifunga vitambaa vya maji baridi, akapona. Padri Sebastian Kneipp wa Bavaria alikuwa na kifua kikuu, akawa anajitosa mto Danube kwenye baridi kali, akapona. Benedict Lust naye kifua kilimshika Marekani, akarudi kwao Ujerumani kutibiwa na Kneipp, akapona, na mwaka 1896 akavuka tena kwenda kuieneza. Wote hao ni wagonjwa waliopona. Na aliyepona, mwanangu, hashauriki.

Babu yako je? Si alinusurika homa utotoni akiwa amezongwa kanga mbichi! Basi kila mjukuu akichemka, kanga na ndoo. Siku ile ya malaria yako akasema maji yatautoa moto wote. Ulipoanza kukodoa macho nilikutia mgongoni nikashika njia ya hospitali bila kumuaga. Mkwe wangu! Hakunisemesha hadi Idi.

Kule nesi akatundika dripu ya kwinini, kisha akanigeukia: "Mama, una kanga? Iloweshe, umfute." Baba yako, na mdomo wake, akaenda kumwambia mzee. Alicheka hadi kofia ikamdondoka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo, kwa sababu hakuwa amekosea kitu. Hapana, alikosea: kanga ilipoza mwili, vijidudu vya malaria viliuawa na kwinini.

Lakini hata Gandhi alimfunga mwanawe Manilal shuka la maji, mtoto ana taifodi na nimonia, na supu ya kuku aliyoagiza daktari akaikataa. Manilal akapona. Angekufa, babu yako angepata wapi cha kunisimulia kila Idi? Nakwambia, aliyepona hashauriki.

Usome au usisome, mimi sisemi, ingawa ulimi unaniwasha. Ila kabla hujalipa ada waulize walimu wako: mtoto akishikwa na degedege usiku, wanafunzi wao wanafundishwa kufanya nini? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mama yako