Tendo la ndoa linapouma, anza kwa kujua panapouma

Wasichana wengi huingia kwenye ndoa wakiwa wameambiwa jambo moja tu kuhusu maumivu: vumilia, utazoea. Maneno hayo yameficha magonjwa mengi yanayotibika. Ni kweli mara ya kwanza inaweza kuuma kidogo au kutoka damu kidogo, na kuna ambao hawaumii wala hawatoki damu. Lakini tendo linalouma mwezi wa tatu, mwaka wa pili, au linaloanza kuuma baada ya miaka 10 ya raha, lina chanzo chake. Kabla hujanunua dawa yoyote, jiulize kwanza: panauma wapi?

Kuna maumivu ya mlangoni, yanayokuja uume unapoanza kuingia. Haya huchoma, huwasha, au humfanya mwanamke ahisi kama anachanwa. Na kuna maumivu ya ndani, yanayokuja uume ukishafika mbali: kama kitu kinagonga chini ya kitovu, na mara nyingine yanaendelea kwa saa kadhaa baadaye. Vyanzo vyake ni tofauti kabisa. Anayefika hospitali na kusema tu "naumwa nikikutana na mume wangu" anaweza kutoka na dawa ya tatizo lisilo lake.

Mlangoni, chanzo cha kawaida kuliko vyote ni ukavu. Mwanamke anaposisimka, damu hujaa kwenye kuta za uke na majimaji hupenya kutoka humo. Kisimi huvimba, uke hurefuka, na kizazi hupanda juu kidogo. Kazi yote hiyo inataka muda. Kwa wanawake wengi ni robo saa au zaidi ya kubusiwa, kushikwa na kuzungumza, na kwa wengi mguso wa kisimi ndio unaofungua njia kuliko kitu kingine chochote. Mwanamume anaweza kuwa tayari ndani ya dakika 2, na hapo ndipo mmoja humwacha mwenzake nyuma.

Tena kuna wanawake ambao hamu haiwatangulii. Wanakuwa wametulia tu, hawana wazo la tendo, kisha mguso wa upole ukianza nayo hamu inaamka. Mwanamke wa namna hii hana kasoro, na mume anayesubiri aanzwe yeye ndipo aamini kuwa anapendwa atasubiri bure. Vilevile unyevu si kipimo cha mapenzi. Mwanamke anaweza kumpenda mumewe kwa moyo wote na uke ukawa mkavu, kwa uchovu, mawazo, kunyonyesha au dawa. Na mwili unaweza kutoa maji hata pale ambapo mwenyewe hataki kabisa. Maji hayo hayahesabiki kuwa ni ridhaa.

Anayenyonyesha huwa mkavu kwa sababu homoni ya estrojeni hushuka. Hali hiyo huondoka kadiri mtoto anavyopunguza kunyonya. Aliyekoma hedhi, ambako kwa kawaida ni kati ya miaka 45 na 55, hupungukiwa na homoni hiyohiyo, na kwake ukavu hauondoki wenyewe. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo daktari huandika, na inasaidia sana. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti aseme kabla hajaandikiwa. Dawa za mzio na mafua, zile zinazokausha pua, hukausha na huku chini pia.

Kwa ukavu wowote, kilainishi cha maji kinachouzwa famasi ndicho cha kuanza nacho. Tumia kama kijiko kimoja cha chai: nusu upake mlangoni mwa uke, nusu kwenye uume. Kikianza kunata, dondoshea maji kidogo nacho kitateleza tena. Si lazima uongeze kingine. Mate hukauka upesi. Mafuta ya nazi wanandoa wengine huyatumia na yanawafaa, ila yasikutane kamwe na kondomu ya mpira, kwa sababu mafuta ya aina yoyote, Vaseline na losheni zikiwemo, hudhoofisha mpira nao ukapasuka. Hata baadhi ya dawa za fangasi za kuweka ukeni zina mafuta yenye madhara hayohayo kwa kondomu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza sana kuliona likiendelea: shabu, ndimu, dawa za unga za kubana, na sabuni inayoingizwa ndani kwa kidole. Zinauzwa sokoni na sasa zinauzwa mtandaoni, zote kwa ahadi moja, kwamba mume hatatoka nje. Shabu hukausha na kukaza ngozi laini ya ndani. Ngozi iliyokauka haitelezi, inakwaruzwa. Michubuko midogo isiyoonekana kwa macho hubaki, na kila mchubuko ni mlango wazi kwa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine. Tena uke una bakteria wake wazuri wanaoufanya uwe na uchachu, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 3.8 na 4.5, na uchachu huo ndio unaozuia wadudu wabaya kuzaliana. Ukiosha ndani unawaondoa walinzi. Baada ya siku chache inakuja harufu, mwanamke anaosha zaidi, harufu inazidi. Uke wenye maji si uke mlegevu. Ni uke ulio tayari. Safisha nje tu, kwa maji, na huko ndani uache mwili ujisafishe wenyewe.

Maambukizi nayo huumiza mlangoni, na hapa kosa kubwa hufanyika kwenye maduka ya dawa: kila uchafu unaitwa fangasi. Fangasi huwasha sana, ute wake ni mweupe mzito kama maziwa mgando, na kwa kawaida haunuki. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, kwa kawaida ni kuvurugika kwa bakteria, na dawa ya fangasi haitaugusa. Ute wa kijanikijani au njano wenye povu huelekea trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mume lazima atibiwe pamoja nawe, hata kama yeye hasikii chochote. Malengelenge yanayopasuka na kuacha vidonda vinavyouma ni jambo jingine tena, na yanahitaji kuonwa yakiwa bado yapo.

Kama ni fangasi kweli, kidonge cha klotrimazoli cha kuweka ukeni cha miligramu 500 hutumika usiku mmoja, au cha miligramu 100 kwa usiku 6. Ingiza ukiwa umelala chali, ndani kadiri kidole kinavyofika, na usiache katikati eti kuwashwa kumekoma. Mjamzito asinunue vidonge vya kumeza vya flukonazoli bila daktari. Fangasi wakirudi mara 4 au zaidi kwa mwaka, pima sukari na pima VVU kabla hujalaumu maji ya kisima au nguo za ndani.

Waliojifungua kwa kushonwa, au waliokeketwa, wana kovu. Kovu halinyooki kama ngozi nyingine, na kwa aliyekeketwa na kushonwa mlango ukabaki mdogo, kuna upasuaji mdogo wa kuufungua. Asilazimishwe kufunguliwa kwa tendo.

Kisha kuna mwanamke ambaye hana ukavu, hana fangasi, anampenda mumewe na anamtamani, lakini kila wakijaribu ni kama kuna ukuta. Misuli inayozunguka mlango wa uke hujikaza yenyewe bila yeye kuamua, kama jicho linavyojifumba kidole kikilisogelea. Huyu ndiye anayetukanwa kuliko wote: anaambiwa ana jini mahaba, anaambiwa ana mwanamume mwingine. Mwili wake umejifunza kujihami tu, na unaweza kufundishwa upya.

Kwanza mkubaliane, wewe na mumeo, kwamba majaribio ya kuingiza yanasimama kabisa kwa muda. Yaliyobaki ya mapenzi yaendelee. Kisha, wewe peke yako, chumba kikiwa na kufuli, baada ya kuoga maji ya vuguvugu, lala chali na mto chini ya magoti. Kucha ziwe fupi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lipande. Itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Paka kilainishi kwenye kidole kidogo, kiweke mlangoni bila kuingiza, kaa hapo. Misuli ikilegea, sukuma chini taratibu kama anayetaka kukojoa, maana kusukuma hufungua, na kidole kiingie hadi pingili ya kwanza. Ukisikia kuuma, usikitoe kwa kushtuka. Simama hapohapo, pumua, ngoja. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Hatua moja ikipita siku 3 mfululizo bila maumivu ndipo uende nyingine: kidole kidogo chote, kidole cha shahada, kisha viwili. Baadaye kidole cha mume, mkono wake ukiongozwa na wako. Uume ni wa mwisho, na siku hiyo mwanamke awe juu ili kasi na kina viwe mikononi mwake.

Kwa wengi ni kazi ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Kinachoiharibu ni haraka, yaani kuruka hatua kwa sababu jana ilikwenda vizuri. Kingine ni yale mazoezi ya kukaza uke yanayosambazwa mitandaoni. Misuli yako tayari inakaza kupita kiasi, na unachokihitaji ni kuilegeza. Aliyewahi kubakwa asifanye haya peke yake. Amtafute mshauri nasaha wa kutembea naye.

Maumivu ya ndani hayatatuliwi kwa kilainishi. Yakija na homa, ute mchafu na tumbo la chini linalouma hata likiguswa, fikiria maambukizi ya nyonga, ambayo mara nyingi huanza na magonjwa ya zinaa ya klamidia au kisonono. Klamidia inaweza kukaa mwilini bila dalili huku ikichubua mirija ya uzazi, na kovu la mirija huleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Mtibiwe wote wawili, na msikutane kwa siku 7 baada ya dawa. Hedhi inayouma hadi unashindwa kusimama, pamoja na maumivu ya kujisaidia haja kubwa siku za hedhi, huelekeza kwenye endometriosisi, yaani tishu kama ile ya ndani ya kizazi kuota nje yake. Hedhi nzito yenye mabonge huelekeza kwenye uvimbe wa kizazi. Wakati uchunguzi unaendelea, epukeni mikao inayoingiza mbali, kama ule wa kutokea nyuma. Laleni ubavu, au mwanamke awe juu.

Damu inayotoka baada ya tendo isipuuzwe hata mara moja. Omba kupimwa shingo ya kizazi. Kwenye vituo vingi hutumia siki nyepesi: muuguzi anapaka, anasubiri dakika 1, na sehemu yenye shida hugeuka nyeupe. Na kama hedhi imechelewa na tumbo linauma upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda mimba imetunga nje ya kizazi.

Wanaume nao huumia ila hawasemi. Govi linalobana na kuchanika, au kuchoma wakati wa kukojoa, ni mambo ya kupeleka kliniki, na si ya kumwachia mke ayakisie.

Kumwambia mume, usingoje mkiwa kitandani. Mkiwa mmekaa, mmeshiba, mwambie waziwazi: "Mume wangu, pale mwanzoni panachoma. Nakutaka, ila nataka twende taratibu na tununue kilainishi." Neno "nakutaka" lisikose, kwa sababu mwanamume anayesikia habari ya maumivu mara nyingi anasikia kwamba amekataliwa.

Hospitali, sema panapouma, tangu lini, kama ni kila mara au siku fulani za mwezi, kama kuna damu, harufu au ute, na dawa unazotumia, pamoja na hizo za kubana. Usifiche, aliyeko mbele yako amekwisha kuziona. Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke awepo. Kile chombo cha kupanulia uke, kinachofanana na mdomo wa bata, kina saizi kadhaa. Omba cha saizi ndogo, omba kipakwe kilainishi, na kama unaogopa, omba ukiingize mwenyewe kwa mkono wako. Ukisema simama, mpimaji asimame.