Darubini Inayovuta Karibu Bila Kusogeza Lenzi

Dada mmoja wa Nansio ameniandikia akiuliza aanzie wapi kutengeneza darubini inayovuta karibu bila kusogeza lenzi, kwa lenzi laini za kimiminika zinazobadilishwa umbo. Namjibu hapahapa, maana najua mko wengi mnaoiwaza.

Mdogo wangu, anza na hesabu kabla hujanunua hata gundi. Ukuzaji ni urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale nuru ya mbali inapokutana kuwa nukta) wa lenzi ya mbele ukigawanya kwa ule wa lenzi ya jichoni. Ukijumlisha fokasi hizo mbili unapata umbali kati ya lenzi. Chukua sentimita 30: mbele 20, nyuma 10, ukuzaji mara 2. Sasa mbele iwe 25, nyuma 5. Umbali ni uleule, ukuzaji umefika mara 5! Lenzi moja imenywea, nyingine imetuna, kwa wakati mmoja. Ukigusa moja ukaiacha nyingine, picha inapoteza ukali.

Lenzi zangu ni pete za bomba la maji, utando wa plastiki inayovutika pande zote mbili, gliserini katikati, na sirinji kwa kila lenzi. Juzi jioni nilikuwa Capri Point, Mwanza, darubini imeelekea Mwamba wa Bismarck. Nikasukuma sirinji hii, nikanyonya kwa ile, na mnandi aliyekuwa amening'inia kichwa chini, kama darubini ya lenzi mbili zilizotuna katikati inavyoonyesha kila kitu, akakua hadi nikaona mabawa aliyoyatandaza kuyakausha. Nilipiga kelele peke yangu.

Kuna mtaalamu aliyewahi kuniambia mbele za watu kwamba huu ni mchezo wa watoto. Bado linaniuma. Mwaka 2000 Bruno Berge na mwenzake, Wafaransa, walichapisha lenzi ya mafuta na maji ya chumvi inayobadili mkunjo kwa umeme tu. Nayo ilikuwa mchezo? Vijana wa Mwanza, msiwape watu wa aina hiyo nafasi ya kuwapangia mnachoweza. Fanyeni hesabu, jengeni, rudieni hesabu.

Adui wako mkubwa ni uzito wa gliserini. Lenzi ikisimama, kimiminika hulalia chini, utando unatuna upande huo na picha inavutika. Berge alilikwepa hilo kwa mafuta na maji yenye msongamano sawa. Wewe kaza utando kabla ya kujaza, usizidishe upana, na toa viputo vyote vya hewa.

Kupima fokasi, subiri usiku wavuvi wa dagaa wawashe taa, chagua iliyo mbali, isogeze karatasi nyuma ya lenzi mpaka nuru iwe nukta, kisha pima kwa rula umbali kutoka lenzi hadi karatasi.