Maua ya njano kutoa sifuri: ni mashine au ni ua?

Swali: Ninapima anthosianini (rangi nyekundu hadi zambarau za mimea) kwenye petali za nasturtiamu (Tropaeolum majus) kwa njia ya bafa mbili, yaani vimiminika viwili vya pH thabiti tofauti. Nazitoa rangi kwa ethanoli. Maua ya njano yananipa karibu sifuri, na ya rangi ya chungwa hayatoi namba ileile nikirudia. Spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa) imeharibika?

Jibu: Kwa maua ya njano, sifuri ndiyo namba sahihi. Unjano wake ni luteini, karotenoidi (rangi ya jamii ya njano na chungwa) isiyoyeyuka kwenye maji na isiyobadilika rangi pH ikibadilika, na kipimo chako kinahesabu mabadiliko hayo tu. Iandike hivyohivyo kwenye matokeo.

Tatizo liko kwenye maua ya rangi ya chungwa, kwa kuwa yana vyote viwili: luteini pamoja na anthosianini, hasa pelargonidini 3-soforosidi. Ethanoli inazoa zote. Ukimimina kwenye bafa yenye maji, luteini inajitenga na kuwa ukungu unaotawanya mwanga. Usomaji wa nm 700 (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga) umewekwa kusahihisha ukungu mdogo. Ukungu ukiwa mzito, hausaidii.

Badala yake, saga petali kwa asetoni ya 70% yenye asidi hidrokloriki 0.01%, chuja, kisha changanya na klorofomu mara mbili ya ujazo wake, ndani ya chemba ya kutolea hewa. Iache usiku kucha gizani. Karotenoidi zitashuka na klorofomu. Chukua tabaka la juu na uvukize asetoni iliyobaki kwa nyuzijoto zisizozidi 40.

Zimua kwa kiwango kilekile katika bafa zote mbili, pH 1.0 na 4.5. Sampuli isizidi sehemu moja kwa nne za bafa, la sivyo itaivuta pH. Soma nm 520 na 700 kati ya dakika 20 na 50. Kwenye pH 1.0 usomaji wa 520 uwe kati ya 0.2 na 1.4.

A = (A520 − A700) ya pH 1.0, toa (A520 − A700) ya pH 4.5 (A520 na A700 ni ufyonzaji uliosomwa nm 520 na 700)

mg kwa lita = A × 449.2 × kizidishi cha kuzimua × 1000 ÷ 26,900, kwa kuveti ya sm 1.

Namba 449.2 (uzito wa molekuli) na 26,900 (kigezo cha ufyonzaji wa mwanga) ni za sianidini 3-glukosidi, anthosianini nyingine, kwa hiyo taja kwamba umeripoti kwa kipimo cha sianidini. Wengi huliruka hili, halafu matokeo yao hayalinganishiki na ya mtu mwingine.

Ukitaka kuyatendea haki maua ya njano, pima karotenoidi zake: luteini ndani ya ethanoli husomwa nm 445 kwa kigezo cha 2550 (A1%, yaani ufyonzaji wa mmumunyo wa 1% kwenye kuveti ya sm 1).